Wakuu, tangi la maji ya chumvi linanipiga shoti. Kijiti cha titani nikiweke wapi?

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Habari zenu wakuu. Nina tangi la lita 300, maji ya chumvi, mwaka wa pili sasa. Juzi usiku naingiza mkono kutoa konokono aliyekufa, vidole vikawasha kama nimeshika upupu. Nikautoa mbio. Nikachukua mita, ncha nyekundu kwenye maji, nyeusi kwenye tundu la ardhi la soketi: volti 96. Samaki wangu, kangaja, naye ana vidonda kichwani. Nimesoma kwamba kijiti cha madini ya titani ukikiunganisha na waya wa ardhi, tatizo kwisha. Swali langu ni moja tu: kinakaa tangi kubwa au lile la chini lenye pampu? Nimeshakinunua, kwa hiyo naomba msinizungushe.

Sina_Neno:
Nakaa pembeni nisubiri wataalamu.

Kibogoyo:
Samaki ana bahari nzima, wewe unamfungia kwenye kioo halafu unamwekea umeme. Mrudishe alikotoka.

MamaKangaja:
Kibogoyo, samaki wa tangini harudishwi baharini, anapeleka magonjwa. Mleta mada, hivyo vidonda usikimbilie kuusingizia umeme. Unachuja maji kwa mkaa? Vumbi la mkaa limejaribiwa likaonekana linawaletea kangaja vidonda vya namna hiyo. Suuza mkaa vizuri, na mpe mwani, asishindie chakula kikavu.

Bwana_Kandambili:
Mimi friji langu lilikuwa linanitekenya miaka miwili. Nikawa silifungui bila kandambili. Siku moja mama mkwe akaja akaenda kulifungua peku, na mpaka leo anaamini nilimtegeshea. Vaa kandambili mkuu.

Nyaya_Tatu:
Kabla ya kijiti, nijibu mambo mawili. Mkono wa pili ulikuwa umeshika nini? Na hiyo soketi inapita kwenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ile yenye kitufe cha majaribio?

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Mkono mwingine ulikuwa kwenye bati la taa, nilikuwa naisogeza. Soketi ni nzima kabisa mkuu, breka ipo. Turudi kwenye kijiti.

Nyaya_Tatu:
Sikuuliza breka. Breka inalinda nyaya zisiungue, inangoja ampia nyingi. Ninayoiulizia mimi inakata kwenye miliampia 30, na zile za Marekani hukata kwenye 5 hivi. Mtu anaanza kushindwa kuachia alichoshika umeme ukifika miliampia 10 na kitu, na ukipita kifuani si lazima uwe mwingi. Wewe ulishika maji huku na bati lenye waya wa ardhi kule, kifua katikati. Ipo au haipo?

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Ilikuwepo.

MamaKangaja:
Ilikuwepo ikaenda wapi?

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Sawa, nisiwafiche. Wiki ile ilikata mara nne, zote usiku. Mara ya mwisho pampu ikalala tangu saa nane mpaka alfajiri, nikaamka samaki wawili wanaelea. Fundi akaniambia swichi imechoka, akairuka, akaunganisha moja kwa moja. Tangu hapo haijazima hata mara moja. Mnaonishangaa hamjawahi kuokota samaki mliowalea tangu wakiwa kama kucha. Na ndiyo maana nimenunua kijiti, kishike nafasi ya swichi.

Nyaya_Tatu:
Hakishiki. Kijiti ni njia, swichi ndiyo mlinzi. Sasa hivi maji yako yana volti ila hayana pa kwendea, samaki wako ni kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo. Ukitia kijiti bila swichi, umeme unapata njia usiku na mchana kupitia maji, breka haishtuki, na hutajua kifaa kimeharibika. Juu ya hapo maji yote yanakuwa ardhi: mkono mmoja majini, mwingine ukigusa waya uliochubuka, njia ni wewe. Kijiti ni kizuri pale swichi ilipo, kwa sababu kifaa kikivuja tu inakata, isingoje mkono wako.

Pweza_Mstaafu:
Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Hii ni chai, tena ya rangi. Akaunti ya juzi. Picha hakuna. Volti 96 na samaki yu hai. Na kijiti kimetajwa kila posti. Jamaa anauza vijiti, kesho atatuwekea namba ya simu.

Sina_Neno:
Heee! Na mimi nilishaanza kumwonea huruma konokono.

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Siuzi chochote. Na nimepima tena sasa hivi mchana, inasoma 38.

Pweza_Mstaafu:
Juzi 96, leo 38. Au tumeingia kwenye punguzo?

Bwana_Kandambili:
Friji langu lilikuwa halibadiliki, shoti ni ile ile kila siku. Huyu muongo.

Nyaya_Tatu:
Mimi ndiyo kwanza nimemwamini. Angekuwa anatunga angeshikilia namba moja. Pampu nzima kabisa inaweza kuonyesha 30 au 40, ni volti za kivuli: koili inaambukiza maji, na mita ya kisasa inavyovuta umeme kidogo mno inazisoma kama kweli. Hiyo 38 inaweza kuwa hivyo. Sasa kwa nini 96 ije usiku, na swichi nayo ikate usiku? Kifaa gani kinaamka joto likishuka? Mleta mada, kwenye bati la taa kuna chumvi imeganda mpaka kwenye ukingo wa maji?

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Ipo, nene kama kidole. Nilidhani ni urembo wa bahari.

Nyaya_Tatu:
Ikilowa hiyo ni waya, inapeleka umeme wa maji kwenye bati mpaka ardhini. Swichi haikuchoka, ilikuwa inafanya kazi yake. Weka ncha za mita, kisha mikono isiguse maji. Ninayemshuku ni hita, ile ya kupasha maji: ipandishe digrii mbili, soma. Chomoa plagi yake kwenye soketi, soma tena. Usiitoe majini ikiwa moto, ipe nusu saa ipoe, kioo chake kinapasuka.

MamaKangaja:
Na hao samaki wanaokufa usiku wanaweza kuokolewa, usizime ulinzi kwa ajili yao. Hita na pampu kila moja iwe na swichi yake, hita ikikata pampu iendelee. Mimi nina na pampu ndogo ya hewa ya betri, umeme ukikatika inaamka yenyewe.

Mvuvi_wa_Sebuleni:
Nimerudi. Hita imewaka, mita ikapanda mpaka 94. Kuchomoa tu, 37. Nimeitoa baada ya kupoa: ufa mwembamba karibu na mpira wa juu, na ndani kuna matone ya maji. Picha naambatanisha, Pweza aikuze mwenyewe. Kangaja bado anakula. Nimpigie yule fundi aje kurudisha swichi?

Nyaya_Tatu:
Yule yule? Tafuta mwingine. Na mpaka swichi irudi, chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Pweza_Mstaafu:
Picha nimeikuza, ufa nimeuona. Haya mkuu, sasa kile kijiti unakiuza?