Naomba ushauri: mazoezi ya kila siku kwa mwezi mmoja baada ya upasuaji

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Dar es Salaam, na wiki nane zilizopita nilifanyiwa upasuaji mkubwa wa kuondoa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu kwa miaka mingi. Kidonda kimefunga, na daktari ameniruhusu kutembea, ila amenikataza kuinua vitu vizito hadi atakaponiona tena (ndoo ya lita 20 ndiyo mtihani wangu mkubwa).

Nimejiwekea nadhiri ya kutembea kila alfajiri kwa siku 30, nikianza na dakika 10. Siku tano za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya sita nilijikaza hadi dakika 40, na jioni nikahisi tumbo la chini likivuta, ingawa sikupata homa wala kutokwa na damu. Je, mliopitia hali hii mlipumzika kabisa siku ya maumivu, au mlipunguza mwendo tu bila kukatisha hesabu? Nina kliniki wiki ijayo, nami ningependa kwenda na maswali yaliyonyooka.