Mtoto analala na viatu tangu mtaa wetu uvamiwe

Mama Watatu, Kisauni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi mmoja na nusu uliopita vijana wenye mapanga walipita mtaani kwetu hapa Mombasa baada ya Magharibi, wakajeruhi watu na kupora simu, nasi tukajifungia ndani, taa tukazima. Hatukuguswa, lakini tangu usiku ule mwanangu wa miaka 9 amerudia kukojoa kitandani, na hulala na viatu miguuni ili, kama asemavyo, asichelewe kukimbia. Baba yake amekuwa mkali kupita kiasi. Mimi nikisikia bati likigongwa, moyo hunienda mbio. Jamaa wanasema tushukuru kwamba tumesalimika. Je, haya yatapita yenyewe?

Mshauri Nasaha, Likoni:
Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole sana. Katika mtaa ambao hatari yenyewe huenda haijaondoka, hofu hiyo si wazimu. Watoto wengi hutulia katika majuma ya mwanzo wakihisi wanalindwa. Dalili zikipita mwezi mmoja na kumvurugia mtoto usingizi au masomo, huenda ni kiwewe kinachohitaji tiba. Kwa hiyo usingoje: mpeleke hospitali ya kaunti, uulizie huduma za afya ya akili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto hupigwa bila malipo. Viatu msimvue kwa nguvu. Kubalianeni viwekwe pale anapoweza kuvifikia kwa mkono. Na tafadhali, asiitwe kikojozi, hata kwa mzaha.

Baba Wawili, Nairobi:
Shemeji, naomba niseme juu ya mumeo. Ghasia za baada ya uchaguzi, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini, zilinikuta Mathare mwanzoni mwa 2008. Mwaka mzima nilifoka nyumbani nikidhani ni ugumu wa maisha, kumbe ilikuwa hofu ambayo sikuthubutu kuitaja mbele ya mke wangu. Wanangu walikuwa wakinichungulia uso mlangoni kabla ya kuingia. Usimwambie ni mgonjwa. Mwombe tu afuatane nanyi hospitali kwa ajili ya mtoto, kisha mshauri amuulize naye analalaje.

Mama Watatu, Kisauni:
Ahsanteni. Tulikwenda jana sote watatu, na tumepangiwa kurudi Jumatano. Baba yake alipoulizwa kuhusu usingizi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akazungumza. Usiku viatu vilikaa kando ya kitanda. Mtoto aliamka mara mbili kuvigusa, akalala tena.