Gesti "inayotazama magofu" Kilwa Masoko: nimepigwa mchana kweupe, na nyie msije mkapigwa

Wakuu salaam. Nimekaa na hili jambo siku tatu najiambia niliache lipite, limekataa kupita. Jina la gesti silitaji, sitaki kesi na mtu, ila kama unapanga kwenda Kilwa ukakutana na tangazo la gesti inayotazama magofu, lenye picha ya dirisha la mawe ya kale na bahari ya buluu kwa nyuma, aisee kimbia.

Iko hivi. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kafundisha historia miaka thelathini na ushee, na hiyo Kilwa kaifundisha kwa chaki mpaka basi, Ibn Battuta kafika 1331, Wareno wamevamia 1505, dhahabu ya Sofala, wanafunzi wamekariri wamefaulu wamekuwa wazazi, yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Nikasema Nane Nane hii lazima mama aende. Tukawa wanne, mimi, wife, mama na binti yetu wa miaka saba. Nikawatafuta hao jamaa Wasapu, wakanijibu vizuri kweli, "karibu sana bosi", chumba elfu thelathini na tano, self, maji saa 24, chai ya asubuhi humohumo, boti ya kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu yenyewe, wanapanga wao na kibali juu yao. Nikatuma advansi ya vyumba viwili. Hapo ndo nilipojichimbia.

Tumetoka Mbagala alfajiri, tumeingia Masoko mchana jua limeiva, mama miguu imevimba kwa kukaa. Dada wa mapokezi, ambaye simlaumu sana maana kaajiriwa tu, anatuambia chumba ni elfu hamsini. Namwonyesha meseji. "Kaka hiyo ni bei ya vyumba vya nyuma, nyie mmewekewa vya kutazama magofu." Mama yuko pale kakalia begi anasubiri kulala, utabishana nini? Nikaongeza hela shingo upande, na elfu kumi ya amana ya funguo juu yake.

Naingia chumbani, navuta pazia. Ukuta! Ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa, na hapo katikati kuna magunia matatu ya mkaa na kuku analalia mayai. Narudi mapokezi, dada magofu yako wapi? Akanizungusha nyuma ya nyumba akanionyesha ngazi ya mbao imeegemezwa kwenye mnara wa tanki la maji, panda pale kaka utayaona. Nikapanda wakuu, siwafichi, hasira ndo zilinipandisha. Na kweli, mbali huko ng'ambo ya mkondo wa bahari unaliona Gereza, ile ngome ya kale ya kisiwani, kama kiberiti kimesimamishwa pembeni ya mikoko. Ndo elfu kumi na tano ya ziada hiyo kwa kila chumba kwa kila usiku. Na nikiwa kulekule juu nikaligonga tanki kwa ngumi, likalia kama ngoma.

Kwahiyo maji saa 24 maana yake ndoo. Ndoo moja chumba kizima, ile ndoo ya rangi za ukutani, imepasuka ubavuni ikazibwa kwa plastiki ya kuyeyusha, inavuja tone tone, ukisema ngoja nilale kidogo ndo nioge unakuta imebaki nusu na sakafu yote inateleza. Bomba ukilifungua linakohoa, linatema kutu, linanyamaza. Chandarua matundu yake yamefungwa mafundo, nilihesabu kumi na moja, binti akadhani ni mapambo. Umeme sitauzungumzia, umeme unakatika popote. Chai ya asubuhi ilikuwa chai ya rangi na andazi moja moja lililolala, wife akatoka zake sokoni akarudi na chapati za moto na supu ya pweza ya hatari, yaani mji wenyewe kula unakula vizuri, samaki wapo, watu wake wastaarabu, tatizo ni hawa wachache wanaokaa mlangoni.

Usiku ule joto limebana, mama kakaa kitandani anajipepea na kanga, akaanza na ile sauti yake ya darasani. "Sultani al-Hasan bin Suleiman kajenga Husuni Kubwa karibu miaka mia saba iliyopita, vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogelea lenye pembe nane." Akaiangalia ile ndoo. Hakuendelea.

Sasa boti. Laki na ishirini walitutoza kwa familia, wakasema saa moja kamili asubuhi mjiandae msichelewe. Saa moja tupo mlangoni na kofia. Saa mbili. Saa tatu. Saa nne na nusu ndo kijana wao anatokea anatabasamu, kumbe alikuwa anazunguka gesti nyingine kutafuta watu wa kujazia, tunafika gatini tunakuta watu sita nao kila mmoja kalipishwa bei yake. Na kabla ya hapo tumepita ofisini kuchukua kibali, hakuna anayetujua, hela ya kibali haijafika, nikalipa upya mfukoni mwangu (ofisi sina shida nayo, nililipa nikapewa risiti nikaenda zangu). Nahodha mzee wa watu, mpole, tukiwa katikati ya maji akaniuliza taratibu tumetoa shilingi ngapi. Nikamwambia. Akatema mate baharini. "Mwanangu, mimi nimepewa arobaini. Ungeshuka gatini mwenyewe tungeelewana."

Kisiwani penyewe jamani nendeni. Msikiti Mkuu mama aliingia akavua viatu bila kuambiwa na mtu, akaenda kusimama chini ya yale makuba kaweka kiganja kwenye nguzo, hakusema kitu muda mrefu, mimi na wife tukajifanya tunapiga picha. Sehemu ya zamani ya ule msikiti ni ya karne ya 11, hiyo ya makuba iliongezwa karne ya 14, kijana aliyetutembeza anajua kazi yake na mama akawa anamwongezea nyama, wakaelewana kama wamesoma shule moja. Tukaona na Makutani, gofu la jumba la masultani. Halafu ndo nahodha akatuma mtu, maji yanapwa na kusi limeshaanza kuchafuka, tukichelewa chombo kitabaki kwenye tope. Na Husuni Kubwa iko upande wa mashariki, kwa magoti ya mama kwenda tu ni zaidi ya nusu saa. Yaani kile hasa alichokuja kukiona, hilo birika, hajaliona, sababu mtu alikuwa anajaza abiria kama daladala.

Subiri, sijamaliza. Tunasubiri kupanda chombo pale Gereza, binti yangu kaingia ndani anachungulia chungulia, mara anapiga kelele "baba, dirisha letu hili hapa!" Nikaenda. Wakuu, ni LILE DIRISHA. Dirisha la kwenye tangazo! Jiwe lilelile lililomeguka kona ya kushoto, mmea uleule umeota kwenye ufa. Hawa watu wamevuka bahari wakaenda kupiga picha ndani ya gofu, wakaitumia kutangazia chumba kinachotazama mkaa.

Jioni nikampigia meneja maana gesti hakanyagi. Unajua alinijibu nini? "Bosi kwani tumeandika hilo dirisha ni la kwetu? Pale tumeandika Karibu Kilwa." Nikakosa hata tusi.

Yale magofu yapo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kwa jinsi yalivyokuwa yanamomonyoka, yakaja kutolewa 2014, miaka kumi nzima watu wanapigana na ukuta mmoja mmoja usidondoke baharini, halafu mgeni aliyevutwa na kazi yote hiyo anakuja kufukuzwa na mtu mwenye vyumba nane na ndoo mbovu. Mnalalamika watalii wa ndani hatutembei, tutembee tukalale juu ya tanki?

Tulivyotoka wakagoma kurudisha ile elfu kumi ya funguo, eti ndoo imepasuka. Ndoo! Nimepiga jana mara tatu, simu inaita haipokelewi, leo imezimwa.

Anayeijua gesti safi pale Masoko, maji yanatoka bombani, bei ni ileile ukifika, anitupie. Mama anasema Disemba tunarudi, safari hii boti naenda kumalizana na yule mzee mwenyewe gatini, alfajiri, tunaanza na Husuni Kubwa.