Mtoto wa miezi 8 kagoma kijiko, yai la kushika mwenyewe asubuhi nampikiaje?

Mama Tunu:
Mbukwenyi wadau wa Dodoma na kwingineko. Naombeni msaada kwa waliopitia. Nna binti ana miezi 8 na wiki mbili, meno mawili ya chini yametoka, uji wa lishe alikua anakula vizuri tu toka ametimiza miezi 6 ila sasa hii ni wiki ya pili kagoma kabisa, ukisogeza kijiko anafunga mdomo anageuza shingo, ukimbembeleza sana anakipiga kibao uji wote kwenye kanga. Ila sisi tukila chochote macho hayabanduki, juzi kanyakua kipande cha kiazi kwenye sahani ya baba yake akakimaliza kwa fizi zake mwenyewe. Nikaelewa huyu shida yake sio chakula, anataka kushika.

Nimewaza mayai maana hapa Ipagala jirani yangu anafuga, nachukua trei mara kwa mara. Sasa shida. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kuwahi gari ya Mtumba, kwaiyo kiwe kitu cha haraka au dada wa kazi aweze kukifanya bila mimi. Halafu nilishajaribu la kuchemsha nikamkatia, ute ukawa unamponyoka kama sabuni na kiini kikamganda kooni akakohoa mpaka machozi, nikaogopa nikaacha. La mwisho mama mkwe wangu yupo hapa katokea Mpwapwa, anasema mtoto halishwi yai kabla hajaanza kuongea, atachelewa kusema na akikua atakua mwizi. Mama yangu yule nampenda na sitaki ugomvi nae ila nataka mwanangu ale.

Oveni sina, nna gesi ya plate mbili na jiko la mkaa.

Shangazi wa Kizota:
Hahaha mwizi tena, mbona wangu wanne wamekula mayai na hakuna aliyeiba zaidi ya sukari ya mama yake.

Dada sikia, la kuchemsha liache kwanza, ndio gumu kuliko yote kwa mwanzo. Anza na chapati za ndizi. Chukua ndizi mbivu moja, ile iliyoanza madoa meusi ndio tamu, iponde na uma mpaka iwe uji, vunja yai moja humo, piga, weka unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja ili zishikane (mimi huwa naweka wa uwele, ni vile nimezoea ladha). Frampeni ipate moto, pakaa alizeti kidogo tu kwa kitambaa, teka kijiko kijiko uziweke ndogo ndogo sawa na kiganja chake. Moto uwe MDOGO na ufunike, hapo ndio watu wanakosea, ndizi inaungua haraka juu imekua nyeusi ndani bado inateleza. Ukiona juu pamekauka geuza. Ndizi moja na yai moja zinatoka kama sita au saba, anakula mbili tatu, zilizobaki mnagombania na baba yake. Sukari usiweke hata chembe, ndizi inatosha.

Baba Pacha:
Mimi mwanaume lakini asubuhi kwetu napika mimi, mke wangu shifti yake ni ya usiku. Wa kwangu wawili, hebu fikiria vijiko viwili vinavyogomewa kwa wakati mmoja.

Ninachofanya ni kiwanda cha yai. Yai moja, maziwa ya mama yao kidogo kama yapo, mchicha nimeukata mpaka umekua kama majani ya chai au karoti ya kukwangua, napiga, namwaga frampeni nzima liwe jembamba kama chapati ya maji, nageuza liive pande zote mbili, halafu nalikunja kama sigara na kukata vipande virefu kama kidole changu cha shahada. Urefu ni muhimu dada, mtoto wa miezi sita saba anashika kwa kiganja chote, kipande kifupi kinapotelea ndani ya ngumi analia haoni chakula kiko wapi. Wakifika huko kwenye tisa wanaanza kuokota kwa vidole viwili, hapo unaanza kukata vidogo.

Siku nyingine mkate, slesi moja nakata nne, nachovya kwenye yai nakaanga. Kosa nililowahi kufanya nilitia chumvi kama ninavyojitilia mimi, hawakulala mchana huo kwa kiu wakawa wananyonya kama ndama.

Mtoto wa Nkuhungu:
Sipingani na wakuu waliotangulia ila angalieni, mimi kwa mtoto wangu wa kwanza niliambiwa kiini tu mpaka mwaka, ute ndio unaleta vipele. Nikafata hivyo hivyo na hakupata shida. Bora usubiri dada.

Nesi Mstaafu:
Mtoto wa Nkuhungu hukudanganywa, zamani hata sisi tulikua tunawaambia akina mama hivyo hivyo pale kliniki. Ushauri ulishabadilika. Ilionekana kuchelewesha yai hakumkingi mtoto na aleji, tena kuna watoto kuchelewa ndio kulizidisha, kwaiyo siku hizi akishatimiza miezi 6 anapewa yai lote, ute na kiini.

Mama Tunu, ila hujasema kama baada ya siku ile ya kukohoa alitoka vipele. Kama hakutoka basi ni ukavu wa kiini tu. Ukianza tena anza kidogo, kipande kimoja asubuhi ya siku ambayo UPO nyumbani, usianze Jumatatu ukapanda gari ukamwachia dada. Mwangalie kwa muda wa masaa mawili hivi. Vipele vya kuvimba kama umeumwa na mbu, mdomo au macho kujaa, kutapika mfululizo, hapo unasimamisha na kumpeleka aonwe. Akihema kwa shida usisubiri hata dakika, kimbia hospitali. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali muulize daktari kabla hujaanza. Mtoto akilikubali yai bila shida basi mpe mara kwa mara, sio mara moja kwa mwezi.

Yai liive mpaka gumu, ute na kiini vyote visicheze, hayo mabichi bichi mnayokula kwenye chipsi ni yenu wakubwa, bakteria wa salmonela mtoto hawawezi. Yai lenye ufa mpe paka. Asali usimpe kabla ya mwaka hata ya kulamba. Na kunyonya kunaendelea, yai haliji kuchukua nafasi ya ziwa.

Sasa kupaliwa. Mkalishe wima, usimpe amelala au anatambaa nacho mdomoni. Akikohoa, akawa mwekundu na sauti inatoka, hata akiwa kama anataka kutapika, mwache, anakitoa mwenyewe, watoto wote wanaojifunza kula wanapita hapo. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza, hatoi sauti, rangi inabadilika. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kama hakijatoka mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Usichokonoe kidole mdomoni kama hukioni kitu, unakisukuma ndani. Mfundishe na dada wa kazi, mfanyie mazoezi kwa mdoli kama upo, maana ndie atakaekua nae.

Mama mkwe usibishane nae kwa maneno ya hospitali. Wazee wetu yai lilikua mtaji, likiliwa hakuna kifaranga, na ndio maana maneno yakatungwa ya kumtisha mtoto asiguse kiota. Hayo ni mawazo yangu tu lakini nimekaa sana na Wagogo na mimi ni mmoja wao.

Mama Tunu:
Nesi asante sana mama yangu, shikamoo. Hakutoka vipele, alikohoa tu. Jumamosi naanza.

Maswali mawili madogo. Mayai ya kienyeji na ya kisasa lipi bora kwa mtoto, maana naambiwa la kisasa lina madawa? Na je naweza kupika jioni asubuhi dada akapasha tu?

Binti Kondoa:
Kienyeji na kisasa kilichomo ndani hakipishani sana, ule unjano ni chakula alichokula kuku. La madawa ni hivi, kuku wakiumwa wakapewa dawa kuna siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, inategemea dawa yenyewe. Wewe si unanunua kwa jirani, muulize tu kama wapo kwenye dozi. Sisi tunafuga, mteja akiuliza hatukasiriki.

Kupika jioni inawezekana kama friji ipo, likishapoa weka kwenye kontena lenye mfuniko, asubuhi lipashwe mpaka liwe la moto kabisa halafu lipoe kabla hajashika. Bila friji usijaribu, na joto la mwezi wa kumi na moja hapa ndio kabisa.

Kwa asie na oveni mimi nafanya ya mvuke. Vibakuli vidogo vya stenlesi napaka mafuta, napiga yai na kiazi kitamu kilichochemshwa nikakiponda na karoti, najaza nusu, napanga kwenye sufuria lenye maji yanayofika nusu ya vibakuli, juu naweka kitambaa kisafi ndio nafunika, mvuke usidondokee ndani. Kama robo saa hivi zinakua zimeiva, choma kijiti kati kitoke kikavu. Inakua laini kama keki, haiponyoki na haigandi kooni. Dada anaweka jikoni anaendelea kuosha vyombo. Mchicha pia unaingia. Mlenda usijaribu, nilijaribu, sitaki kuongelea.

Baba Pacha:
Mlenda na yai 😂😂 pole sana ndugu yangu

Mama Tunu:
Wadau nimerudi. Jumamosi nilimpa kiwanda cha Baba Pacha, kipande kimoja, nikakaa namkodolea macho mpaka akaboreka na mimi, hamna kipele. Jumapili viwili. Kiini cha kuchemsha nimekipondea na maziwa yangu nikampaka juu ya kipande cha kiazi, nacho kimepita bila kukohoa. Leo dada kapika za ndizi peke yake, kanitumia video na picha nimewawekea hapa, uso mzima ndizi, nywele ndizi, mpaka sikio.

Mama mkwe sikumwambia kitu. Niliweka sahani mezani nikasema mama hizi ni chapati za ndizi, akala mbili akasema tamu ila zimepungua sukari, halafu nikasikia anamwambia Tunu "haya na wewe shika, usiniangalie kama nimekuibia." Sijamwambia kuna nini ndani. Mnaonaje, nimwambie au nikaushe?

Na kitu kingine, dada aliziweka kwenye hotpoti zikalainika zikawa kama uji, za ndizi zinatunzwaje?

Shangazi wa Kizota:
Kausha mpaka aombe afundishwe kupika, hapo ataliona yai kwa macho yake akiwa ameshakula wiki nzima.

Hotpoti inazitoa jasho. Zitandaze kwenye sahani na kitambaa kikavu chini zipoe zenyewe, ndio uzifunike. Na mwambie dada apunguze ndizi, nimeiona ndizi yako kwenye picha, hiyo ni ndizi mbili ile sio moja.