Mrejesho: vidonge vya sukari vya mama

Asanteni nyote mliojibu. Kwa aliyekosa: mama anauza mitumba Gikomba, ana kisukari aina ya pili, na daktari alimtoa kwenye metformin ya peke yake akampa kidonge chenye metformin na glimepiride pamoja. Niliuliza kama ile pakiti ya zamani aendelee nayo, na mbona asubuhi anatetemeka na kutoka jasho.

Tulirudi kliniki na dawa zote. Mfamasia alizipanga mezani, akasoma maandishi madogo ya kila pakiti, akaitoa ile ya metformin: tayari imo ndani ya kidonge kipya. Ila kutetemeka ni kazi ya glimepiride. Inaisukuma kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari, hata tumbo likiwa tupu, na mama alikuwa anameza alfajiri, chai anaikumbuka jua likishapanda! Sasa anameza na kiamsha kinywa. Akisahau, hamezi viwili kufidia.

Kwenye mkoba ana glukosi. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, anachukua gramu 15, anapima tena baada ya dakika 15, kisha anakula. Mliopendekeza chokoleti, hapana, mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu.

Figo zimepimwa pia, maana zikidhoofika metformin hupunguzwa au kusimamishwa. Na juisi ya karela (lile tunda chungu) ya jirani tumeiweka kando, kwa sababu inaweza kuishusha sukari zaidi juu ya dawa. Mama amenuna, alikuwa ameshailipia.