Nimwamini nani kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na nikishaamini nifanye nini?

Msomaji Makini (swali)

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale wanaoifahamu mada hii kwa undani. Nimefuatilia mijadala ya mabadiliko ya tabianchi kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kukwama. Mtu mwenye shahada ya uzamivu hueleza kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma. Mwingine mwenye shahada kama hiyo hueleza kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu enzi, na kwamba jua na volkano ndivyo vinavyotawala. Wanaharakati wanasema imebaki miaka michache tu, kampuni za mafuta zinasema zinajali mazingira, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi si mwanasayansi na siwezi kukagua hesabu zao. Je, mtu kama mimi atajuaje lililo kweli? Na akishalijua, afanye lipi lenye uzito, lisilokuwa la kujiridhisha nafsi tu?

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Msomaji Makini, shahada ya msemaji isikusumbue sana. Dai linalostahili kuaminiwa ni lile lililopimwa kwa njia kadhaa zisizotegemeana, kisha njia hizo zote zikaelekea upande mmoja.

Tuanze na volkano. Kwa mwaka mzima kaboni dayoksaidi, yaani gesi inayozuia joto la dunia lisitoroke, inayotoka katika volkano zote haifikii asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu, na hilo peke yake lingetosha. Hata hivyo upo ushahidi wa karibu zaidi, ambao umo ndani ya hewa yenyewe. Kaboni ina aina zinazotofautiana uzito, na mimea inapojijenga hupendelea kaboni-12, iliyo nyepesi, kuliko kaboni-13. Makaa ya mawe na mafuta yalitokana na viumbe vya kale, kwa hiyo yana upungufu huohuo wa kaboni-13, ilhali gesi ya volkano haina upungufu wa kiasi hicho. Vipimo vinaonyesha kwamba sehemu ya kaboni-13 katika kaboni dayoksaidi ya hewani imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, na kwamba oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, jambo ambalo hutarajiwa pale kitu kinapochomwa na ambalo volkano haiwezi kulieleza. Tangu mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa katika mlima Mauna Loa, kule Hawaii, mwaka 1958, kaboni dayoksaidi imepanda kutoka takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni hadi zaidi ya 420; kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa takriban 280.

Kuhusu jua: lingekuwa ndilo chanzo, tabaka la juu la hewa lingepata joto pamoja na la chini. Kinachopimwa ni la chini kupata joto na la juu, yaani stratosfia, kupoa. Hiyo ndiyo dalili ya joto linalozuiwa karibu na uso wa dunia.

Nawe huhitaji kuwa mwanasayansi ili uwaulize wote swali moja: nadharia yako ingetarajia tupime nini, na je, ndicho kilichopimwa?

Mfuatiliaji

Nakubaliana na Mwalimu, ila ningeongeza kwamba chanzo hupimwa pia kwa namna kinavyojisahihisha. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la kutathmini mabadiliko ya tabianchi lililoundwa mwaka 1988, halifanyi utafiti wake. Kazi yake ni kutathmini tafiti zilizokwisha kuchapishwa, na muhtasari wake hupitishwa mstari kwa mstari na wawakilishi wa serikali, zikiwemo za nchi zinazouza mafuta. Ripoti yake ya mwaka 2007 ilidai kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka kufikia mwaka 2035. Dai hilo halikuwa na msingi, na mwaka 2010 jopo lilikiri hadharani. Kwangu hilo liliniongezea imani.

Mtazame pia Richard Muller, mwanafizikia aliyekuwa na mashaka na takwimu za joto. Alizikusanya na kuzichambua upya pamoja na wenzake, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka katika taasisi ya hisani ya Charles Koch, tajiri wa biashara ya mafuta, na mwaka 2012 akatangaza kwamba joto limepanda kweli na kwamba chanzo chake ni binadamu.

Upande wa wanaharakati nao una chumvi zake. Kauli ya kwamba “imebaki miaka 12” ilitokana na ripoti ya IPCC ya mwaka 2018, iliyosema kwamba ili ongezeko la joto tangu kabla ya enzi ya viwanda lisipite nyuzi 1.5 za Selsiasi, utoaji wa kaboni dayoksaidi upungue kwa takriban asilimia 45 kufikia mwaka 2030 ukilinganishwa na mwaka 2010. Ripoti haikusema popote kwamba dunia ingefika mwisho mwaka huo. Anayeikuza kauli hiyo anawapa wapinzani silaha bure, kwa sababu kila sehemu ya nyuzi tunayoiepuka ina maana, hata tukishapita 1.5.

Mchumi wa Nishati

Niguse sehemu ya pili ya swali. Takriban robo tatu ya gesi joto tunazozalisha, yaani kaboni dayoksaidi na nyingine zinazozuia joto, hutokana na nishati: umeme, usafiri, viwanda na majengo. Kwa hiyo uamuzi mzito ni ule unaobadilisha namna umeme unavyozalishwa na vyombo vinavyoendeshwa, na uamuzi huo hufanywa zaidi na serikali, mabaraza ya miji, mashirika na mifuko ya pensheni kuliko na mtu mmoja mmoja. Uzuri ni kwamba gharama ya umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 2010 na 2019, hivyo anayedai mabadiliko leo hadai tena jambo la anasa.

Msomaji Makini

Nawashukuru sana. Lakini Ndugu Mchumi, ina maana mtu binafsi hana lake? Na hizo ahadi za kampuni nizipimeje?

Mchumi wa Nishati

Analo, ila kwa kadiri ya uwezo wake. IPCC inakadiria kwamba asilimia 10 ya kaya zinazotoa gesi joto nyingi zaidi huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya utoaji wa kaya zote duniani. Anayepanda ndege mara kwa mara ana la kupunguza. Asiye na gari wala umeme wa uhakika asibebeshwe lawama. Nje ya nyumbani kwako una kura, una chama cha wafanyakazi, na pengine una akiba iliyowekezwa mahali ambapo hujawahi kuulizia.

Kuhusu ahadi, usiishie kwenye tangazo, fungua ripoti yao ya mwaka. Tazama kwanza kama wanahesabu gesi inayotoka pale mteja anapochoma mafuta waliyomuuzia, kwa sababu kwa kampuni ya mafuta hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na wengi huiacha nje ya hesabu. Kisha utafute kiwango cha kupunguza kwa miaka ya karibu, maana lengo la mwaka 2050 lisilo na hatua za kati halimbani mkurugenzi yeyote aliyeko madarakani leo. Mwisho, angalia ni kiasi gani kinatokana na kupunguza uchomaji wenyewe na ni kiasi gani kimenunuliwa kama fidia za kaboni, kwa mfano kulipia upandaji wa miti. Mti unaweza kuungua au kukatwa, ilhali kaboni dayoksaidi iliyotoka ardhini, sehemu yake hubaki hewani kwa karne nyingi. Ukikosa majibu ya hayo katika ripoti, waandikie na uyaulize kwa maandishi. Ukiwa na hisa kwao, au pensheni yako imewekezwa kwao, una sababu zaidi ya kudai majibu.