Sponji, vifuko au silika: unyevu wa sanduku la sigara za Kuba katika joto la Dar es Salaam

Mwana-Upanga: Wakuu, heshima kwenu. Nina sigara nene za Kuba 40 ambazo nimezitunza kwa sponji na maji yaliyotoneshwa. Tangu masika yaanze kipima unyevu kinasoma asilimia 78, na juzi nimekuta unga mweupe kwenye jani la nje la sigara 3. Je, nihamie kwenye vifuko vya kurekebisha unyevu vya Boveda au chembe za silika, ambazo nazo hufyonza na kutoa unyevu?

Mzee wa Chuda: Mkuu, huo unga ni ukungu, nawe utenge hizo 3 leo hii. Sponji hutoa unyevu tu, haijui kuurudisha. Iliwafaa watu wa Ulaya, ambao hewa ya nyumba zao hukauka wakati wa baridi, lakini huku Pwani unakiongezea maji kitu kilichokwisha kulowa. Kifuko kina maji ya chumvi yanayotoa mvuke hewa ikikauka na kuufyonza ukizidi, kwa hiyo chukua vya asilimia 65, wala usishawishiwe na vya 72. Silika nayo inafaa, ila hudai usimamizi wa karibu.

Binti Kihonda: Kabla ya kununua chochote, kipime hicho kipima. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha uvifungie pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Lazima kisome 75. Changu kilisoma 81, na karibu mwaka mzima nilikuwa nikizikausha sigara zisizo na kosa.

Fundi Sedrela: Mimi nahofia joto zaidi, kwa sababu likipita nyuzi 25 mayai ya kidudu cha tumbaku huanguliwa, na kidudu hutoboa sigara kama sindano. Ukiweka bitana ya sedrela, mti uliopandwa hata kwetu Morogoro, hakikisha mbao zimekauka barabara. Zangu zilitoa utomvu uliogandisha sigara 2 kwenye ubao.

Mwana-Upanga: Nawashukuru sana. Kipima kimesoma 76, kwa hiyo unyevu halisi ni kama 77. Sponji nimeitoa, nimeagiza vifuko 2 vya gramu 60 vya asilimia 65, na sanduku nimelihamishia chumba chenye kiyoyozi.